Mkono Usio na Kovu

"Sikuchomi!"

"Basi nipe hiyo pasi nijichome mwenyewe."

"Thubutu! Iguse uone."

Bi Harusi alisimama kati ya mumewe na jiko la mkaa, mikono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka. Juu ya jiko ilikaa pasi yake ndogo ya kunyooshea kola, ile aliyotoka nayo nyumbani pamoja na mkasi na kasha la sindano. Ncha yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Mumewe, Fundi, alikuwa amekunja shati mpaka begani na kuunyoosha mkono wa kushoto kama mtu anayesubiri kupimwa nguo. Mkono wenyewe ulikuwa laini na mzima, bila hata alama ya upele.

Na hapo ndipo shida yote ilipokuwa.

"Ni alama moja tu, mke wangu. Ndogo, kama kifungo cha shati. Unagusisha ncha, unahesabu mbili, unaondoa. Yule daktari wa kituoni ana abiria zaidi ya mia wa kukagua. Atatupa jicho, atasema pita."

"Atasema pita kwa kidonda kinachofuka moshi?"

"Nitakipaka poda."

"Poda!" Bi Harusi aligeuka, akaichukua pasi kwa kitambaa na kuitumbukiza kwenye beseni la maji. Ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa. "Haya. Poda hiyo hapo."

Fundi aliitazama pasi ikitoa mvuke wake wa mwisho, akashusha mkono taratibu. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Bi Harusi angejua la kufanya na mwanaume aliyekasirika. Alikulia nyumba yenye kaka wanne. Lakini huyu alimtazama tu kwa yale macho yake yaliyozoea kuchungulia vitu vidogo, na yeye akajikuta hana pa kuyaweka ya kwake.

Walikuwa na siku kumi na moja za ndoa. Fundi alikuwa ameajiriwa kwa miaka miwili kuitunza saa kubwa ya mnara katika mji mkuu wa nchi jirani, na harusi ikafanywa haraka ili wasafiri pamoja. Walipanda meli siku mbili, wakapanda treni, na katika mji huu wa mpakani walitakiwa kulala usiku mmoja tu. Usiku mmoja ukawa siku tano, maana ndui ilizuka na njia ikafungwa. Katika nyumba hii ya wageni walimwita Bi Harusi tangu alipofika, kwa sababu alipokabidhiwa ufunguo wa chumba kimoja cha watu wawili aliona haya mpaka akaudondosha.

Leo treni moja ilikuwa imeruhusiwa kuvuka, saa nne asubuhi, ya mwisho mpaka ugonjwa utakapokwisha. Masharti yalibandikwa ukutani tangu jana: cheti hakitoshi, kila abiria aonyeshe kovu la chanjo mkononi. Asiye na kovu apelekwe Uzioni. Hivyo ndivyo watu walivyoiita kambi ya karantini iliyokuwa nje ya mji, kwa sababu ya uzio wake mrefu wa mbao, na walilitamka neno hilo kwa sauti ya chini.

Bi Harusi alikuwa na kovu lake tangu utotoni. Fundi alikuwa na cheti.

"Hebu nieleze tena," alisema, akikaa kitandani na kuinuka papo hapo. "Nieleze ulivyofanya kule bandarini. Labda mara ya pili itaniingia akilini."

"Nimeshakueleza."

"Rudia."

Fundi alikuna shingo. "Nilikuwa kwenye foleni ya chanjo. Zamu yangu ikafika. Sasa, ukutani kwa daktari palikuwa na saa. Ilikuwa imesimama, mke wangu. Saa nzuri kabisa ile, ya mlio mtamu, imesimama tu kama ng'ombe."

"Na wewe ukaona uifungue."

"Ilikuwa na unywele tu! Unywele umenasa kwenye gurudumu la tatu. Kazi ya dakika kumi. Daktari alifurahi hata akasahau foleni. Meli ikapiga honi, watu wakaanza kusukumana, yeye akatia mhuri cheti changu na kunishika mkono..."

"Akashika wa kulia, akasahau wa kushoto."

"Ndiyo."

"Na wewe hukumkumbusha."

"Nilikuwa naisikiliza ile saa," alisema Fundi kwa unyonge. "Ilikuwa inakwenda vizuri sana."

Bi Harusi alitaka kumzaba kibao na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, alianza kukunja gauni ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Usiku kumi na moja amelala juu ya mkono ule ule. Ameihesabu mishipa yake kwa kidole. Kovu halikumjia akilini hata mara moja. Mwanamke anayeona uzi uliopinda kutoka ng'ambo ya chumba!

Mlango uligongwa na kufunguliwa kabla hawajaitikia. Mama Mwenye Nyumba aliingia, mwanamke mnene, uso umejaa mashimo ya ndui ya zamani. Aliizungumza kwa kuivunjavunja lugha yao, aliyojifunza kwa wapangaji, lakini hakuna siku aliyoshindwa kueleweka.

"Nimekuja kuchukua jiko langu." Alitazama beseni, akatazama mkono wa Fundi uliokuwa bado wazi. "Nilikuazima jiko la kunyooshea nguo, Bi Harusi. Sikusema la kuchomea waume."

"Sijamchoma."

"Vizuri. Wakati wa ndui iliyopita yupo aliyechomwa na mkewe. Kidonda kikaoza, na treni hakupanda." Akaliinamia jiko, kisha akasita. "Fundi, wewe ndiye uliyekaa na Muuza Kofia juzi?"

Muuza Kofia alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, mtu wa maneno mengi na soksi zenye matundu. Juzi jioni saa yake ya mfukoni ilikataa kwenda, na Fundi akakaa kitandani kwake akaitengeneza huku wanacheka. Jana asubuhi Muuza Kofia alitolewa kwa machela, uso umefura vipele. Godoro lake lilichomwa uani. Harufu ya majani yaliyoungua ilikuwa bado kwenye mapazia.

"Nilikaa naye," alisema Fundi. "Saa moja hivi."

"Godoro moja?"

"Godoro moja."

Mama Mwenye Nyumba aliweka jiko chini. "Basi nisikilizeni, maana mimi niliugua nikapona, na baadaye nikafua nguo za wagonjwa mwaka mzima. Mtu akikaa na mgonjwa, chanjo ikimwahi ndani ya siku tatu, mara nyingi inamwokoa. Hata akiugua, anaugua kidogo. Siku tatu zikipita, anabaki na bahati yake."

"Juzi jioni," alisema Bi Harusi. Alihesabu kwa vidole ingawa hesabu haikuhitaji vidole. "Tatu zinaisha kesho jioni. Chanjo inapatikana wapi?"

"Dawa yote imepelekwa Uzioni. Hapa mjini hakuna hata tone."

"Na kwenye treni?"

"Kwenye treni kuna chai."

"Na safari mpaka mji mkuu?"

"Siku mbili, wakienda vizuri."

Bi Harusi alimgeukia mumewe. Pasi ile, kama angekubali kuigusisha, ingempitisha mlangoni kwa daktari na kumpeleka moja kwa moja kwenye kifo chake, yeye na behewa zima la watu na watoto wao. Fundi naye aliliona hilo. Rangi ya midomo yake ilibadilika.

"Huko Uzioni watu hawatoki," alisema kwa sauti kavu.

"Wanatoka," alijibu Mama Mwenye Nyumba. "Wengi wanatoka kwa miguu yao. Wanaume banda lao, wanawake banda lao, wiki tatu. Mwenye kovu hawamlazi, hana kazi ya kulala pale." Akaliinua tena jiko. "Ila wafuaji wanatafutwa. Tangu juzi wanatafuta watu wenye kovu wa kufua na kushona mashuka, hawapati. Watu wanaogopa hata kamba ya kuanikia." Akatoka, akaufunga mlango kwa kisigino.

Bi Harusi alibaki akiutazama mlango.

"Usithubutu hata kuwaza," alisema Fundi.

"Sijasema neno."

"Nimekuona ukisikiliza. Nayajua masikio yako."

"Aliyesemwa kuwa na masikio makubwa ni wewe. Mama yangu alilisema hilo siku ya kwanza kukuona."

Hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa bahasha na kuiweka mkononi mwa mkewe, kisha akavifunga vidole vyake juu ya bahasha kimoja kimoja. "Hii ni barua ya Bwana Mhandisi. Atakupokea kituoni, mkewe atakupa chumba. Utapanda treni saa nne. Mimi nitakwenda huko kwenye uzio, nitachanjwa, nikimaliza nitakufuata."

"Na usipomaliza?"

"Nitamaliza."

"Fundi, nimekuuliza swali."

Aliuachia mkono wake. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Chumba kilikuwa na hatua sita na wote wawili walikuwa wanazihitaji, hata wakapishana katikati mara mbili kama watu wa sokoni.

"Nilimwahidi mama mkwe," alisema mwishowe, akiwa amempa mgongo. "Ulikuwa garini, hukusikia. Alinishika koti hapa, akasema, 'Nakukabidhi binti mzima, na mzima nitamdai. Sitaki kusikia nchi za watu, sitaki kusikia ugonjwa wala bahari.' Nikamwambia ndiyo, mama. Unataka nikamwambie nini? Kwamba niliupeleka mkono wa binti yake ukafue mashuka ya ndui kwa sababu mimi nilikuwa naisikiliza saa?"

Bi Harusi alimjua mama yake. Alijua jinsi anavyoshika koti la mtu. Mama alilipinga jambo hili tangu posa. Alisema fundi saa ni mtu wa kukaa na vitu visivyosema, kwamba atamsahau mke mezani kama miwani. Na kweli Fundi alikuwa mtu wa hivyo. Alipokuja dukani kwake mara ya kwanza alitaka ashonewe kifuko cha ngozi cha kuwekea bisibisi zake ndogo. Akarudi baada ya siku mbili, akasema mshono umelegea. Haukuwa umelegea. Akarudi tena, na tena, kwa mshono ule ule, mpaka safari ya nne Bi Harusi akamuuliza, "Kaka, mshono ndio umelegea au ni wewe?" Fundi akajibu kwa uso mkavu kabisa, "Ni mimi."

Mtu wa hivyo unamwachaje kwenye banda la wanaume asilolijua, unapanda treni na kunywa chai?

Kwa mbali treni ilipiga filimbi ya kwanza. Saa tatu na nusu.

Ndani ya Bi Harusi kitu kilitulia. Hakukitangaza. Kubishana na mumewe kungekula nusu saa, na hawakuwa nayo. Alijifunga kitambaa kichwani, akatia pasi mkobani ikiwa bado imelowa, akatia mkasi na kasha la sindano, akaubeba.

"Haya," alisema. "Nimekusikia. Twende."

Fundi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, kisha uso wake ukaonyesha kwamba gunia lilikuwa afadhali. "Utapanda?"

"Nimesema twende. Utafungua mlango au nipitie dirishani?"

Walishuka ngazi na kutokea barabarani. Maduka yalikuwa yamefungwa nusu milango. Watu walikuwa wanakimbilia kituoni na mabunda, mikono ya kushoto iko wazi tayari ingawa asubuhi ilikuwa na baridi. Kila mmoja alikuwa analibeba kovu lake mbele kama hati ya nyumba. Fundi alitembea upande wa nje wa barabara, akihakikisha hakuna anayemgusa.

"Ukifika, usikubali chumba cha chini," alisema. "Cha chini kina unyevu."

"Sawa."

"Na usimwambie mkewe Mhandisi kwamba unashona, utageuka mshonaji wake wa bure."

"Sawa."

"Mbona unasema sawa tu?"

"Nikibisha unalalamika, nikikubali unalalamika. Tembea."

Mwisho wa barabara ile paligawanyika. Kushoto ni kituo, umati na moshi wa treni. Kulia ni njia ya vumbi iliyonyooka kuelekea uzio wa mbao, na juu yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Fundi alisimama. Alitoa saa yake mfukoni, ile aliyoitengeneza mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa kazi, akaifungua mnyororo.

"Chukua," alisema, na sauti ikamkatika. "Uitie ufunguo kila asubuhi. Ukiisikia inakwenda, ujue na mimi nipo."

Bi Harusi aliipokea. Ilikuwa na joto la mwili wake. Aliitazama kidogo, kisha akamsogelea mbele za watu wote, mwanamke aliyeona haya kwa ufunguo wa chumba, akairudisha saa mfukoni mwake na kuupigapiga mfuko kwa kiganja.

"Utaitia mwenyewe," alisema. Akageuka kulia.

"Kituo ni huku!"

"Nakiona."

"Mke wangu!" Fundi alimkimbilia, akamwita kwa jina lake la nyumbani, akamwita tena. Alimfikia na kumshika mkoba. "Rudi. Nakuomba. Nimeahidi, nimekwambia!"

"Uliahidi wewe. Mimi sikuahidi kitu." Aliendelea kutembea, mkoba katikati yao, kila mmoja ameshika upande. "Nina kovu, Fundi. Ndui hainipati. Huko wanakufa watu kwa kukosa shuka safi, na mimi nina mikono na pasi na wiki tatu. Nikienda kukaa kwa Mhandisi nitafanya nini? Nitatoboa sakafu kwa kuzunguka."

"Hatutalala pamoja. Umesikia, banda hili na banda lile."

"Nguo huanikwa uani. Na uani unaonekana toka madirisha yote."

"Na mama yako?"

"Mama yangu akisikia nilimwacha mume mpakani nikapanda treni, hatanifungulia mlango. Yeye alikataa usinioe. Hakusema ukishanioa nikutupe."

Fundi aliuachia mkoba. Alisimama vumbini, akamtazama anavyokwenda, hatua fupifupi za haraka, kisigino kimoja cha kiatu kimelika upande. Kisha akamfuata, akauchukua mkoba wote, akaubeba yeye.

Langoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza mzee mwenye miwani na daftari. Bi Harusi hakuijua lugha ya pale. Alimgeukia mumewe, aliyejifunza kidogo kwa ajili ya kazi. "Mwambie nimekuja kufua na kushona."

Fundi alifungua mdomo. Ukabaki wazi. "Siwezi," alisema. "Niombe kingine chochote."

Basi Bi Harusi alikunja mkono wa gauni mwenyewe, akaliweka kovu lake chini ya miwani ya mzee. Akafungua mkoba, akatoa kasha la sindano na pasi, akavipanga mezani. Akanyoosha kidole kwenye rundo la mashuka lililokuwa limelala nyuma ya lango, refu kumpita kimo. Mzee aliangalia kovu, akaangalia pasi, na uso wake wote ukafunguka. Alisema maneno mengi kwa haraka.

"Anasemaje?"

"Anasema," Fundi alimeza mate, "anasema Mungu akupe maisha marefu. Anauliza na mimi nimekuja kufanya nini."

"Mwambie ulikuja kuchanjwa siku kumi zilizopita, umechelewa njiani."

Fundi alimwambia. Bi Harusi hakujua alimwambiaje, lakini mzee alicheka mpaka akavua miwani, akamwita tabibu aliyekuwa ndani. Na ni wakati ule ule, wakimsubiri tabibu, ambapo Bi Harusi aliuona mkono wa kulia wa mumewe unatambaa juu ya meza, taratibu, kama hauna mwenyewe. Karibu na daftari palikuwa na saa ndogo ya shaba. Ilikuwa inakwenda kwa kuchechemea, na ilisema saa tatu kasoro robo.

Alimpiga vidole. "Leo hapana! Chanjo kwanza."

"Iko nyuma karibu saa nzima," alinong'ona Fundi.

"Ikae nyuma hivyo hivyo. Una wiki tatu za kuitazama."

Na hapo Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu machela ilipopita mlangoni kwao jana. Alicheka huku machozi yanamtoka, akakunja shati mpaka begani, akaunyoosha mkono wa kushoto. Tabibu aliushika na kuuchanja, chale tatu fupi. Fundi hakuutazama. Alimtazama mkewe, na yeye safari hii hakuyakwepa macho yale, aliyapokea mpaka tone la damu likafutwa na pamba ikafungwa.

Upande wa kituoni treni ilipiga filimbi ndefu, ikaondoka.

"Bahasha ya Mhandisi unayo?" aliuliza Fundi.

"Ninayo. Utamwandikia barua jioni, umwambie mnara usubiri." Bi Harusi alimfungia kifungo cha shati, akamwonyesha mlango wa banda la wanaume kwa kidevu, na alipoona bado amesimama, akamsukuma kidogo mgongoni. Alisubiri mpaka mlango ule ukafungwa. Kisha akavikusanya vitu vyake mezani, akalielekea rundo la mashuka na kumwuliza mzee kwa ishara za mikono, akisugua ngumi kwa ngumi, sabuni iko wapi.